Hesabu Kamili Njiani Kwenda Asizi

Tangu turudi, hakuna aliyeniuliza kama Roma ni nzuri. Mnaniuliza kitu kimoja tu: ni kweli ulimpoteza susu yako Italia? Habari ilifika Machakos kabla ya masanduku yetu, na kila ilipopita ilinenepa kidogo. Sokoni wanasema alipatikana na polisi. Rafiki yangu mmoja alisikia kwamba alipatikana nchi nyingine kabisa. Basi nimeamua kuandika mara moja, tangu mwanzo, ili nisirudie kusimulia.

Kwanza mjue kwa nini tulikwenda. Babu yangu, Fransisko Mutua, alikuwa katekista kwetu Masii karibu maisha yake yote. Alitamani kufika kwenye kaburi la mtakatifu wa jina lake, kule Asizi, kabla hajafa. Hakufika. Tulipomzika, susu, yaani nyanya yangu, aliweka nadhiri kwamba atakwenda yeye, na misa ya kumwombea mumewe itasomwa pale pale kaburini, naye akiwepo. Parokia ilipopanga hija ya Roma yenye siku moja ya Asizi ndani yake, susu alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Ana miaka sabini na minane, ana sukari, na lugha zake ni Kikamba na Kiswahili cha sokoni. Familia ikasema lazima mtu amsindikize. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Nikawa mtu.

Machakos hadi uwanja wa ndege

Tulikuwa thelathini na wawili: padri wetu, wazee wanne, mimi, na akina mama ishirini na sita, wote ndani ya sare yao ya kanisa, gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani. Ndege ilikuwa ya saa kumi na moja jioni. Tuliondoka saa tatu asubuhi kwa basi la kukodi, na saa hiyo ni mimi niliyeililia.

Kabla hatujatoka nje ya mji, Mama Ndunge, mwenyekiti wa akina mama, alisimama katikati ya basi. "Mwende, wewe si ulisomea takwimu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hapa ndiyo tutajua kama ulisoma. Kazi yako ni kutuhesabu. Tukishuka, hesabu. Tukipanda, hesabu."

Walicheka, lakini mimi sikucheka. Niliipokea kazi ile kama kiapo. Nilihesabu hata basi likitembea, kana kwamba mtu anaweza kushuka kupitia dirishani.

Pale makutano ya Kyumvi tulikuta lori la simiti limelala katikati ya barabara. Tulikaa saa mbili na nusu. Akina mama waliimba nyimbo zote za Bikira Maria wanazozijua, wakaanza upya. Mimi nilipiga hesabu ya dakika, nikapiga hesabu ya foleni itakayotungoja mbele, kisha nikaanza kufikiria mambo ya ajabu, kama vile susu kutunza nadhiri miaka yote ile halafu izuiwe na simiti.

"Susu, tutachelewa."

Susu alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo ambacho nilijua lazima tukiache kabla ya uwanja wa ndege. "Wewe ndiye unaendesha?"

"Hapana."

"Basi kula chungwa."

Hatukuchelewa. Lakini pale uwanjani, hofu ilinifanya nifanye jambo ambalo nililiona la busara kabisa. Nilimwomba susu pasipoti yake, simu yake, vidonge vyake vya sukari na karatasi yenye jina la hoteli. Vyote nikavitia kwenye mkoba wangu wa kiunoni, visipotee. Susu alinitazama nikifunga zipu.

"Na meno yangu je? Hutayabeba?"

Addis Ababa

Hapa sina mengi ya kusema isipokuwa kuomba msamaha. Tulitakiwa kungoja kwa saa nne. Niliona kwenye ubao nambari ya mlango wetu imebadilika, nikawaamsha wote, nikawapeleka mwisho kabisa wa jengo. Ilikuwa safari ya watu wa mji mwingine wenye jina linaloanza na herufi ile ile. Tukarudi. Mzee mmoja alisema amewahi kuswaga mbuzi kutoka Yatta hadi Thika na hawakuchoka hivi. Miguu ya susu ilivimba. Nilimletea maji, nikamuuliza kama anasikia kizunguzungu, nikamuuliza tena, nikamuuliza mara ya tatu. Akafumba macho. Nilidhani amezimia. Alikuwa ananikwepa.

Roma

Mnataka kujua chakula. Asubuhi walitupa keki. Siku ya pili, keki tena. Susu alisema, "Hawa watu wanaamkia sherehe." Chai ilikuja kama kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijikaratasi cha majani kando, na maziwa baridi. Mama Ndunge alikwenda jikoni mwenyewe kuonyesha kwa mikono kwamba vitu hivi huchemshwa pamoja. Alirudi akiwa na sufuria.

Usiku wa kwanza waliweka tambi mezani. Akina mama walionja, wakatazamana, kisha wakakusanya sahani zote na kumkabidhi kijana wa mezani. "Mwambie mpishi hizi hazijaiva. Azirudishe motoni." Padri, aliyesoma Roma zamani na anajua Kiitaliano, alitafsiri huku amejifunika uso kwa leso. Yule kijana alisimama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Lakini zilirudi zimeiva, laini kama uji, na zikaliwa zote.

Makanisa niliyaona kwa shida. Padri akituonyesha dari zilizochorwa, wote walitazama juu, mimi nikatazama vitambaa vyeupe. Ishirini na sita. Ndani ya kanisa kubwa la Mtakatifu Petro susu alilia machozi mengi, na mimi nilichofanya ni kumuuliza kama sukari imeshuka.

Siku ya Asizi, asubuhi, tukiwa mezani, alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi upya.

"Umekunywa dawa, susu?"

"Nimekunywa."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Na maji ya kutosha?"

Akaweka kikombe chini. "Mwende. Leo naenda kwa babu yako. Usiniulize kitu. Usinishike. Kwa gari ukae nyuma na vijana."

"Hakuna vijana, susu."

"Basi ukae nyuma peke yako."

Meza nzima ilicheka. Niliumia, nawaambia ukweli. Lakini niliamua kutii. Yeye alichukua kiti cha mbele kabisa, peke yake, nyuma ya dereva, ili awe wa kwanza kuuona mji. Mimi nilikwenda mwisho.

Kituo cha mafuta

Baada ya mwendo wa saa moja hivi dereva aliegesha kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, chenye duka na choo. Kando yetu kulikuwa na basi jingine jeupe kama letu. Mlango wake ulipofunguliwa, walishuka akina mama wenye gauni la buluu na kitambaa cheupe.

Mayowe yaliyotoka hapo sijui kama Waitaliano watayasahau. Walikuwa Wakenya, wa kutoka upande wa Kisii, wanaelekea hija ya Loreto, upande wa baharini. Sare ni ile ile nchi nzima. Walikumbatiana bila kujuana, wakaulizana habari za mvua, wakapanga foleni moja ya choo, wakatoka humo wakiimba. Madereva walipiga honi. Hawakusikia. Wakapiga tena, na kila mtu akakimbilia mlango uliokuwa karibu.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilitaka kwenda mbele kumtazama susu usoni. Niliinuka kabisa. Halafu nikajiambia: amekukataza, mheshimu mara moja tu maishani mwako. Nikahesabu nikiwa pale pale nyuma. Kiti cha mbele kulikuwa na kitambaa cheupe kimeegemea kioo. Vitambaa ishirini na sita, wazee wanne, padri, mimi. Thelathini na wawili kamili.

Nilimwinulia padri kidole gumba. Na kwa mara ya kwanza tangu Machakos, nikalala usingizi mzito.

Asizi

Mji uko juu ya kilima, wa mawe ya rangi ya waridi iliyofifia. Magari huachwa chini. Watu walipoanza kushuka nilikwenda mbele, nikapitisha mkono kumsaidia susu kuinuka. Nilijua kwamba kumshika ni kosa lakini ngazi zilikuwa ndefu.

Mama mmoja nisiyemjua alifungua macho, akatabasamu. "Tumefika Loreto, mtoto wangu?"

Sikumbuki nilisema nini. Mama Ndunge anasema nilianza kuhesabu tena kwa sauti.

Yule mama aliitwa Mama Nyaboke. Miguu ilikuwa inamuuma, aliona kiti kitupu karibu na mlango, akakaa, akalala. Hakushangaa kuona sura ngeni, maana kikundi chao kilichanganya parokia tatu zisizojuana. Alitoa simu yake, akampigia mwenyekiti wao. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, sote tukasikiliza.

"Sisi tuko sawa," yule mwenyekiti alisema. "Arobaini na mmoja. Nimehesabu mwenyewe."

"Mmoja si wenu," padri alisema.

"Padri, hesabu imekubali."

"Na Mama Nyaboke yuko wapi?"

"Yuko hapa ndani. Mama Nyaboke! Itika!"

"Niko Asizi," Mama Nyaboke alisema kwenye simu, kwa upole.

Tulisikia yule mwenyekiti akiita majina, mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu sana. Mimi wakati huo nilikuwa nimefungua mkoba wa kiunoni. Pasipoti yake ilikuwa humo, na simu yake, iliyozimwa, na vidonge vya mchana. Susu alikuwa mahali fulani katika nchi ya watu akiwa na gauni na rozari tu, kwa sababu mimi nilikuwa mwangalifu.

"Kuna nyanya hapa anakula chapati," sauti ikarudi. "Tulidhani ni wa parokia ya Mama Nyaboke. Ametuongoza rozari yote."

Wakampa simu.

"Mwende? Kumbe Asizi iko na bahari! Hakuna mtu aliniambia."

"Susu, hapo si Asizi."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na kituo cha mafuta, nikarudi kwenye sare, nikaingiza mambo ya kitambaa. Aliniacha nimalize.

"Misa ni saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa tano na robo. Padri alikuwa amekwisha kumwuliza dereva kama anaweza kumfuata, na dereva alikuwa ametikisa kichwa na kuonyesha milima kwa mkono: saa mbili kwenda na mbili kurudi. Na pale kaburini kila kikundi hupewa nusu saa yake. Baada yetu walikuwa wanangoja Wapolandi.

"Saa tano na robo, susu."

Nilisikia akivuta pumzi. "Basi nendeni," alisema, na simu ikarudi kwa mwenye nayo. Padri alipanga mengine: miongoni mwao kulikuwa na muuguzi, ambaye angempima sukari na kuangalia chakula chake, na jioni mabasi yote mawili yangekutana kwenye kituo cha upande wa kurudi Roma.

Tulipanda kilima mbio. Kaburi liko chini kabisa ya kanisa, unashuka ngazi hadi chumba chenye giza na mishumaa. Nilikaa pembeni mwa safu, na Mama Nyaboke akakaa karibu yangu, mahali pa susu. Nilikuwa nimeshika simu, nikingoja habari ya sukari. Ikaja: iko sawa. Nikaisoma tena. Je, kipimo chao ni kizima? Je, kama chapati ile ilikuwa ya pili?

"Tunamwombea marehemu Fransisko Mutua," padri alisema kwa Kiswahili, "katekista wa Masii, pamoja na familia yake."

Mnajua kwetu, misa ya nia ikisomwa na jina likatajwa, familia husimama. Walioko kanisani wawaone, wajue wa kuombewa ni wa nani. Sikusimama. Kichwani mwangu kulikuwa na mambo kumi: huenda hapa hairuhusiwi, Wapolandi wako ngazini wanatazama, nadhiri ni ya susu, nikisimama mimi nitakuwa nimemnyang'anya, nisiposimama, babu atakuwa ametajwa mbele ya kaburi lile kama mtu asiye na watu. Padri aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alikuwa anangoja.

Mkono ukanishika kiwiko. "Simama," Mama Nyaboke alininong'oneza.

"Ni ya susu."

"Na marehemu ni wa nani?"

Akaniinua, kabisa, kama gunia. Na yeye akasimama pia, mgeni, mtu ambaye hajawahi kuiona Masii. Nilikuwa natetemeka hadi simu ikaanguka sakafuni na kutoa mlio mle ndani. Hakuna aliyeiokota hadi sala ilipokwisha.

Kurudi Roma

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kituoni. Basi la Loreto lilikuwa limetangulia. Susu aliteremka akiwa ameshikwa na wanawake wawili, amebeba chupa ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria waliyomnunulia. Alimsalimia Mama Nyaboke kwanza. Walishikana mikono muda mrefu, wakasema maneno ambayo sikuyasikia, kisha wakabadilishana mabasi kama wachezaji wa akiba. Padri alimwambia susu kwamba kesho, kabla ya ndege, anaweza kuisoma misa upya katika kanisa lolote la Roma.

"Imeshasomwa," susu alisema. "Misa si simu, kwamba ikikatika unapiga tena."

Safari hii aliniambia nikae karibu yake. Nilimpa vidonge, pasipoti, simu, kila kitu. Alivitia kwenye mfuko wake bila kuvitazama. Basi likaingia barabarani.

"Haya," akasema. "Kaburi likoje?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta kichwani, nikakuta giza, mishumaa, na kioo cha simu. Mbele yangu kulikuwa na kitu nusu saa nzima na sikukitazama. Ningeweza kutunga. Ningeweza kutafuta picha kwenye simu na kumwelezea.

"Sikuliona, susu. Nilikuwa pale, lakini sikuliona."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aligeuza uso kwenye dirisha, na baada ya muda nikaona kitambaa chake kinatikisika. Miaka yote ile, na njia yote ile, na mtu pekee wa familia aliyefika huko kwa niaba yake hakutazama.

Mama Ndunge, kiti cha nyuma, aliegemea mbele. "Mama Kalunde," alimwambia susu, "mimi nililiona. Halijalala chini kama ya kwetu. Liko juu, nyuma ya altare, ndani ya jiwe lililosimama kama nguzo."

"Na vyuma," mzee mmoja akasema. "Limefungwa kwa vyuma mbele."

"Si vyuma vingi."

"Wewe ulikuwa umefumba macho, ulionaje?"

"Na mawe yake hayakulainishwa," akasema mwingine. "Makali makali, kama yale ya kule vilima vya Iveti. Mtu maskini kabisa."

"Taa je?" susu aliuliza, bado anatazama dirisha. "Babu yake alikuwa anasema kuna taa."

"Iko! Inaning'inia juu. Ndogo."

"Si ndogo, ni ya kadiri."

"Na harufu?"

Wakafikiri. "Mshumaa," Mama Ndunge alisema, "na jasho letu, kwa sababu tulipanda kile kilima mbio."

Susu alicheka kidogo puani. Wakaendelea hivyo, wakibishana, kila mmoja akiongeza jiwe lake, na mimi nikisikiliza kama yeye, maana na mimi nilikuwa nalijua kaburi lile kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka kutoka dirishani. Hakunitazama mimi, aliwatazama wao.

"Jina lilisomwa lote?"

"Lote, mama," padri alisema. "Na Masii nikaitaja."

"Na mtu wetu alisimama?"

Nilianza kueleza. Mama Ndunge akanikata.

"Alisimama. Alikuwa anatetemeka kama kuku wa mvua, ilibidi yule mama wa Kisii amwinue. Lakini alisimama hadi mwisho."

Barabara ilikuwa imejaa magari yanayorudi mjini.

"Fransisko alikuwa hivyo hivyo," susu alisema. "Siku ya harusi yetu padri alimwita mbele, miguu ikakataa. Kanisa lote linangoja. Ikabidi nimshike hapa." Akanishika kiwiko, akakibana kwa nguvu. "Nikamwinua mimi."

"Katekista mzima, Mama Kalunde?" yule mzee aliuliza.

"Hakuwa katekista bado. Alikuwa mwoga tu."

Basi zima likacheka, na yeye pamoja nao. Mkono hakuuondoa. Tulipoanza kuona majengo ya Roma, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na nikauacha hapo hapo.